Mianzo Kumi na Mmoja ya Wasifu wa Baba

Mpendwa Mama,

Keti kwanza, maana habari hii haifai kusikiwa na mtu aliyesimama. Jumamosi iliyopita, pale maktaba ya Kakamega mjini, mbele ya watu waliojaza mahema mawili na wengine wakasimama kwenye nyasi, ulitangazwa kuwa mwandishi. Si mwandishi wa majina ya waliohudhuria kikundi cha kina mama. Mwandishi hasa. Walibandika jina lako ukutani kwa herufi kubwa na chini yake wakaandika jina la kijiji chetu: Iguhu. Najua ungefanyaje. Ungejifunika uso kwa leso, ucheke mpaka mabega yatikisike, halafu uulize ni nani aliyewapa ruhusa.

Ni mimi, Mama. Mimi niliwapa.

Barua hii nimeiacha wazi, asome atakaye, kwa sababu kosa nililokufanyia nililifanya mbele za watu, na sioni haki nije kukunong'oneza samahani pembeni. Utanivumilia nikikueleza mambo unayoyajua, maana kuna wanaosoma hapa ambao hawakukujua. Na utanivumilia nikienda kombo. Miaka ishirini na minne ya kusahihisha insha za watoto wa sekondari imenifundisha kuona makosa ya kila mtu isipokuwa yangu.

Ulikuwa mkulima na katibu wa kina mama kanisani, masomo yako yakaishia darasa la saba. Lakini mtu akifariki, kuanzia kwetu mpaka ng'ambo ya mto Yala, walikuja kukuita wewe. Hawakukuita ukalie. Walitaka uandike historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla jeneza halijashuka. Ulivaa sweta lako la kijani, ukachukua daftari na kalamu mbili, kwa sababu, ulisema, "moja itanisaliti," ukaenda kuketi na wafiwa. Na ulipoketi ulikuwa na maswali matatu, hukuondoka hadi yajibiwe. Akiamka asubuhi, alikuwa anasema nini? Nani hakumpenda? Ameacha nini katikati?

Unakumbuka kwa Mzee Khamadi? Nilikuwa likizoni kutoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa misamiati, nikakusindikiza nione jinsi watu wasiosoma chuo wanavyoandika. Mdogo wake marehemu alikuwa ameshajipanga. Alikohoa, akaanza kukuandikisha kama karani wake.

"Andika: marehemu alikuwa mcheshi, mpole, mpenda watu wote."

Ukafunga daftari. "Huyo simjui. Mimi nimekuja kuandika Khamadi."

"Basi uliza wewe."

"Nani hakumpenda?"

Nilitamani ardhi inimeze. Watu wamefiwa, na mama yangu anauliza maadui! Kila mtu akaangalia miguu yake. Kisha mjane, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, akainua kichwa.

"Mimi. Siku zingine."

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu nyumba nzima, mjane mwenyewe akicheka huku akifuta macho. Ukafungua daftari tena. "Siku gani hizo, dada? Niambie." Akakuambia. Ulichoandika bado nakijua kwa moyo: "Alichimba dhahabu Ikolomani miaka thelathini, na pete aliyomvisha mkewe ilikuwa ya shaba. Kila Krismasi aliisugua kwa majivu mpaka ing'ae." Siku ya maziko sentensi hiyo ilipita katikati ya watu kama upepo kwenye mahindi.

Tukiwa njiani kurudi nilikushauri, kisomi kabisa, kwamba ungetumia lugha ya staha. Usingetaja shaba. Ungesema marehemu hakujaliwa mali. Ulipachika daftari kwapani. "Wewe utakuwa mwalimu mzuri," ukasema. "Watoto watakuogopa." Mpaka leo sijui kama ulinibariki au ulinichapa.

Sasa nifike mahali panapouma.

Baba alipofariki, miaka kumi na miwili iliyopita, hakuna aliyeuliza nani ataandika. Mpishi anaulizwa nani atapika kwake? Siku ya maziko sote tukangoja usimame. Badala yako akasimama mzee wa kanisa na nusu ukurasa mkononi. Baba alizaliwa, akasoma, akaoa, akatengeneza baiskeli sokoni, alikuwa mtu wa watu, mwisho. Wewe ulikaa na mikono mapajani kama umeazimwa mikono ya mtu mwingine.

Ndipo Senje akainuka. Kwa wasiotoka kwetu, senje ni shangazi, na huyu Senje Loice ni dada mkubwa wa Baba, mwanamke ambaye hata jogoo wake huwika kwa adabu. Hakungoja apewe nafasi.

"Wewe," akakuambia, kidole kikikuelekea, "umeandikia watu wa ng'ambo ya mto ambao hata jina lako hawajui. Ndugu yangu umempatia nini? Ati mtu wa watu! Nani si mtu wa watu?"

Hukumjibu. Hukumjibu siku ile wala siku nyingine. Miaka tisa mkawa mnasalimiana mlangoni pa kanisa kwa ncha za vidole, na Senje, aliyekuwa akiingia jikoni kwako bila hodi na kufunua sufuria aone kuna nini, hakula tena chakula chako. Akialikwa alisema ameshashiba. Mimi nilikuuliza mara moja tu. Ulikuwa unapukuchua maharagwe.

"Mama, kwa nini hukumwandikia Baba?"

"Kalamu zote mbili zilinisaliti."

Nikadhani ni mzaha wako. Nikacheka kidogo, nikaenda zangu kusahihisha insha.

Halafu ukafa wewe. Ilikuwa presha, na ilikuwa haraka, na watu wote wakanigeukia mimi: mwalimu wa Kiswahili, mwana wa mwandishi. Nikasema niachieni. Nikajifungia na karatasi. Akiamka alisema nini? Nikajibu moyoni, machozi yakanitoka, nikaweka kalamu chini. Nani hakumpenda? Hilo nililijua pia, na mwenyewe alikuwa nje anapanga viti. La tatu sikuthubutu hata kulitamka. Siku mbili nilipita na karatasi tupu mfukoni nikijifanya nashughulika na hema na ng'ombe.

Jioni ya kuamkia maziko nikaenda saiba, duka la kompyuta, mjini ili kijitabu cha maziko kichapwe. Kijana wa pale, mtu mwenye huruma kabisa, akaniambia, "Mwalimu usijisumbue, niko na ingine hapa tayari. Tunabadilishanga jina tu." Nami nikakubali, Mama. Mimi ninayewanyima watoto alama kwa kunakili. Nikataja jina lako, mwaka wako, majina yetu sisi watoto wako, akabonyeza, ikatoka, sikuisoma.

Niliisoma mara ya kwanza nikiwa mbele ya jeneza lako na kipaza sauti mkononi. Aya ya kwanza ilikwenda vizuri. Aya ya pili nikasikia sauti yangu ikisema kwamba marehemu aliimba besi katika kwaya ya kanisa. Niliona watu wakiinua vichwa. Mtu mwenye akili angesimama, angeomba radhi, angesema ukweli. Mimi nikaendelea, kama mwanafunzi anayesoma kwa sauti asichokielewa, nikatangazia Iguhu nzima kwamba mama yangu alikuwa mlinda lango hodari wa timu ya kiwanda cha sukari.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo sijalisahau. Wangecheka, ningepona mapema.

Watu walipoanza kutawanyika Senje akaja akasimama mbele yangu. "Mwalimu, huyo tumezika ni nani?" Nikakunja kile kijitabu. Akatikisa kichwa, na safari hii hakupaza sauti. "Hata wewe. Nyumba hii hamjuangi kuandikia watu wenu."

Miaka mitatu nimeigeuza habari hiyo kuwa kichekesho. Katika chumba cha walimu naisimulia mwenyewe, naimba hiyo besi, nadaka chaki kama mlinda lango, nacheka kuliko wote. Nilijitania kabla wengine hawajanitania. Ila kaburini kwako nilikuwa napita haraka, kama mtu anayepita dukani anapodaiwa.

Basi mwezi uliopita akanijia Mercyline, binti anayesimamia maktaba yetu ndogo ya umma pale karibu na soko. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akikusomea gazeti macho yako yalipochoka. Alinikuta nyumbani kwako nikigeuza mahindi yakauke.

"Mwalimu, kutakuwa na tamasha la fasihi mjini. Maktaba za huku kote zinakutana, na kila maktaba inaleta mwandishi wa kwao."

"Iguhu tuna mwandishi?"

"Tulikuwa naye. Nataka madaftari ya Mama. Na wewe utasoma moja mbele ya watu."

Nikageuza tena mahindi yaliyokwisha kugeuzwa. "Madaftari yaliliwa na panya," nikasema.

Mercyline akatazama gunia la mahindi lililosimama wazi kati yetu, limejaa mpaka mdomoni. "Panya wenu wamesoma sana, Mwalimu. Wameacha mahindi wakala karatasi?"

Hata kudanganya sikujifunza kwako vizuri.

Alipoondoka nikavuta lile sanduku la bati kutoka chini ya kitanda chako. Madaftari tisa, yamefungwa kwa uzi wa sufu, kila moja na mwaka wake. Nikaketi mlangoni penye mwanga nikasoma mchana kutwa, mahindi yakapigwa na jua hadi basi. Mama, sikujua. Nilikusikia ukisomwa makaburini mara nyingi, lakini sikuwahi kukusoma. Kuna yule mama wa kwa Shimuli: "Aliazima majembe ya watu bila kuuliza, na kila jembe lilirudi limenolewa." Kuna mzee mkali wa darajani ambaye sisi watoto tulimkimbia: "Watoto walikimbia kikohozi chake. Mvua kubwa ilipokuja, aliwavusha mto mgongoni mmoja mmoja, akiwagombeza." Nilicheka peke yangu. Mara mbili nililazimika kusimama nizunguke nyumba.

Na katika daftari la saba nikafungua ukurasa, nikaona jina la Baba.

Chini ya jina kulikuwa na mianzo. Si wasifu, ni mianzo tu ya wasifu, na karibu kila mmoja umepigwa mstari kwa nguvu mpaka karatasi ikakwaruzika. Nilihesabu kwa kidole. Kumi imekatwa. Mmoja ulikatwa baada ya neno moja. Mwingine haukuwa mwanzo wowote, ulikuwa swali: "Nitaanzaje?" na hilo nalo ukalikata. Wa kumi na moja, chini kabisa, hukuukata. Uliandika: "Alikuwa akinichemshia maji." Ukaweka nukta. Kisha ukurasa mtupu mpaka mwisho.

Nikausoma tena kwa sauti. Ikanijia ile sauti ya kila alfajiri ya utoto wetu, kuni kavu zikivunjwa jikoni, ambayo maisha yangu yote nilidhani ni wewe. Alikuwa Baba. Aliamka kabla ya kila mtu akachemsha maji yako ya kuoga, akayaweka nyuma ya nyumba na kuyafunika, na kabla kijiji hakijafungua milango moto ulikuwa umezimwa na yeye amekaa nje anatengeneza mnyororo wa baiskeli kama mwanamume mwingine yeyote. Wanaume wa pale sokoni wangejua, wangesema amekaliwa na mkewe, na hilo jina lingemfuata mpaka kaburini.

Ndipo nikaelewa, au nadhani nimeelewa. Wewe uliandika kile mikono ya mtu ilichofanya, hukujua kuandika kingine. Na kile mikono ya Baba ilichofanya kilikuwa siri yenu. Ukikiandika, unamweka midomoni mwa wale wa sokoni siku ambayo hawezi kuwajibu. Ukiandika kingine, ni uongo. Ukajaribu mara kumi na moja, halafu ukampa mzee wa kanisa kalamu, ukainamisha kichwa, ukameza maneno ya Senje miaka tisa mizima. Ungemwonyesha ukurasa huu, yangeisha siku moja. Hukumwonyesha.

Sasa niambie ningefanya nini. Nikiusoma, nakuumbua, namuumbua na Baba. Nikinyamaza, Senje atakwenda kaburini akiamini hukumpenda ndugu yake, nami nitakuwa nimekuzika na mpira wako wa kiwanda mara ya pili. Nilikwenda Kakamega na daftari la saba chini ya koti, na katika ratiba Mercyline alikuwa ameniandika nisome pete ya Mzee Khamadi. Sikuwa nimeamua.

Ungeipenda siku ile. Maktaba ya Mumias walileta mzee wa kanzu mwenye tenzi alizoandika kwa mkono. Matungu walileta mwanamke aliyekusanya vitendawili vya wakata miwa. Lugari walileta msichana wa shule na hadithi aliyoishona kwa uzi wa gunia. Meza yetu ilikuwa na madaftari yako manane tu juu ya kitambaa cheupe, na mimi nikadhani hakuna atakayesimama pale. Mpaka mtu mmoja wa kwetu akafunua akamkuta babake. Basi. Ndani ya nusu saa palikuwa na foleni.

"Niangalizie mama yangu, Mwalimu. Alikufa ule mwaka wa ukame."

"Kuna mjomba wangu, yule wa mguu mmoja."

"Usipindue haraka hivyo, hiyo ni watu!"

Katika foleni alikuwapo Beatrice, jirani yetu wa chini kabla hawajahamia Matungu. Amekuwa na mvi. Hakutaja jina, aliniambia mwaka tu, kwa sauti ya chini, nami nikapindua nikaupata. Mtoto wake wa kwanza. Nakumbuka wazee walisema mtoto wa siku nne hana historia ya kusomwa, na wewe ulivaa sweta lako ukaenda hivyo hivyo. Uliandika mistari mitatu. "Gideon aliishi siku nne. Alimjua mamake kwa harufu. Alishika kidole cha babake na hakutaka kukiachilia." Beatrice akaweka kiganja chake juu ya ukurasa mzima, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Hakuna pahali pengine jina lake imeandikwa," akaniambia. "Hapa tu."

Nikalisogeza daftari karibu naye. Na kutoka pale nilipokuwa nimesimama nikaona katika kiti cha mbele, chini ya hema, fimbo mapajani, kitambaa cha kichwa cha Jumapili: Senje.

"Senje, nani amekuleta?"

"Huyu msichana wa vitabu. Ameniambia kuna kiti cha mbele na soda. Soda sijaona."

Jina langu likaitwa. Nilichukua kipaza sauti, nikaacha daftari la Mzee Khamadi mezani. Kutoka chini ya koti nikatoa la saba.

"Kabla sijasoma," nikasema, "nina sahihisho. Mama yangu hakuwahi kuimba besi."

Wakatazamana. "Wala kudaka mpira," nikaongeza, na watu wa Iguhu waliokuwa wamekizuia kicheko miaka mitatu wakakiachilia. Walicheka, Mama, mpaka wengine wakapigana mabega. Wageni wa Mumias na Lugari walitutazama kama wendawazimu. Nilingoja waishe. Nikawaeleza juu ya maswali yako matatu, nikasema leo nitayajibu juu yako.

Akiamka alisema nini? Alifungua mlango wa nyuma, akatazama shamba, akasema, "Haya. Bado tuko." Kila siku. Hata asubuhi ya kumzika mumewe alisema, nilimsikia.

Nani hakumpenda? Hapo niliinua macho kutoka daftarini. "Shangazi yangu," nikasema. "Ameketi pale mbele. Na alikuwa na sababu."

Ungeona lile hema. Vichwa vyote viligeukia kiti cha mbele. Senje hakugeuza shingo wala kushusha macho. Alipiga fimbo chini mara moja.

"Endelea," akasema.

"Ameacha nini katikati? Hiki." Nikawasomea ukurasa wa Baba. Niliusoma kama ulivyo, mwanzo mmoja baada ya mwingine, na kila mwisho wa mstari nikasema, "Akakata." Marehemu alizaliwa. Akakata. Alikuwa fundi wa baiskeli ambaye. Akakata. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini. Akakata. Nitaanzaje? Akakata. Kufikia wa sita watu walikuwa wanasema pamoja nami, kwa sauti za chini, kama kanisani: akakata, akakata. Nilipofika wa kumi na moja nilisoma, nikanyamaza. Wakangoja.

"Huu hakuukata," nikasema.

Sikuongeza maelezo. Nilikuwa nimeandaa mengi, unanijua. Nilishuka.

Senje alikuwa ameshasimama. Alikuja mpaka mezani akitembea kwa fimbo yake, watu wakimpisha, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa daftari. Alilisogeza karibu, akalisogeza mbali, macho yake si ya zamani.

"Hiyo ya maji iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, akakaa nacho pale.

"Unajua alianzia wapi?" akaniuliza. "Mama yetu alikuwa mgonjwa wa mifupa. Baridi ya asubuhi ilikuwa inamuua. Mimi ndio msichana, ilikuwa kazi yangu, lakini nilikuwa napenda usingizi. Yeye alikuwa na miaka nane. Alikuwa anaamkanga anachemsha, halafu anasema ni mimi nimechemsha, ndio nisichapwe." Akavuta daftari karibu. "Hajawahi kuniambia ameendelea."

"Hakumwambia mtu, Senje."

"Na huyu mjinga," akasema, akimaanisha wewe, na kidole chake hakikutoka kwenye mwandiko wako, "huyu mjinga naye ananyamaza na mimi miaka tisa! Singemwambia mtu. Mimi?" Nadhani hapo alitaka kucheka. Hakikutoka kicheko. Beatrice alimshika mkono, akamketisha kwenye kiti changu.

Baadaye, alipokwisha kunywa ile soda, akanigonga goti kwa fimbo. "Kalamu uko nayo?"

"Ninayo."

"Andika. Hapo chini ya mama yako. Andika: Alianza kwa mama yake."

Nikaandika. Mwandiko wangu chini ya wako ni kama kuku amepita, lakini upo. Senje akasema linalofuata, nikaandika na hilo. Tuliandika mpaka ukurasa ukajaa, watu wakitusubiri wabebe viti. Wanaume wawili wa sokoni waliomjua Baba walikuwa wamesimama nyuma yetu wakisikiliza, na hakuna aliyetamka lile neno. Mmoja alivua kofia.

Madaftari tumeyaacha kwa Mercyline, yakae katika maktaba yetu, mtu akitaka kukaa na wake saa moja akae. Nimeomba radhi kwako na kwa Baba kwa kuifungua siri yenu. Kama nimekosea, nitakukuta huko na utanigombeza, nami nitakusikiliza bila kukushauri lugha ya staha.

Jumapili baada ya ibada Senje alikuja nyumbani. Hakubisha hodi. Aliingia jikoni kwako, akafunua sufuria, akauliza nani amepika obusuma, ugali wetu, laini namna hii, akala mpaka akamaliza. Kisha akaenda peke yake nyuma ya nyumba mlipolala wawili, nami sikumfuata.

Leo asubuhi nilifungua mlango wa nyuma. Umande ulikuwa bado kwenye mahindi, na kwenye kaburi lako, ambalo sasa napita polepole. Nilisema maneno yako kwa sauti, nione yanakaaje mdomoni mwangu.

Haya, Mama. Bado tuko.

Mwanao wa mwisho,
ambaye sasa anatembea na kalamu mbili.